Kano Ina Kalenda Yake: Namna Bega Linavyopona Baada ya Kushonwa

Baba mdogo alitoka hospitali na karatasi tatu mfukoni. Ya wodini ilisema mkono utulie. Ya kitengo cha fiziotherapia ilisema mkono ufanyiwe mazoezi mara tatu kwa siku. Ya kliniki, ya kurudi baada ya wiki sita, ilikuwa na mstari mmoja pembeni kwa mwandiko wa daktari: asinyanyue kitu. Alizipanga mezani kwangu Uyole, Mbeya, akavaa miwani, akazisoma zote mara mbili, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu wanafanya kazi jengo moja. Mbona hawajakubaliana?"

Mimi si daktari, lakini kwa miezi kumi nilikuwa msaidizi wa mgonjwa, na swali lile nimelisikia tena na tena kwenye mabenchi ya kusubiria mazoezi. Karibu kila aliyeshonwa kano ya bega huondoka nalo, na asipopata wa kumjibu hujijibu mwenyewe. Kuna wanaougandisha mkono miezi mitatu mpaka unakuwa kama gogo. Kuna wanaoanza kuutumia siku maumivu yanapopungua. Wote hurudi kliniki na masikitiko yao. Karatasi zile tatu hazigombani hata kidogo: kila moja inazungumzia sehemu yake ya bega, na ukishajua ni sehemu ipi, safari nzima inaanza kueleweka.

Parachichi juu ya kisosi

Nyonga imechimbiwa ndani ya tundu lake. Bega halikujaliwa hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, na kinachokipokea kwenye kombe, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, ni kisahani kisicho na kina. Chukua parachichi la Rungwe, lile kubwa, uliweke juu ya kisosi cha chai, halafu uinamishe kisosi. Faida ya mpango huu ni kwamba mkono unazunguka kote: unafika kisogoni, mgongoni, hadi juu kwenye kenchi. Hasara yake ni kwamba hakuna mfupa wa kulizuia parachichi lisidondoke.

Kazi hiyo imeachiwa misuli minne inayoanzia kwenye kombe, mmoja kwa juu, mmoja kwa mbele na miwili kwa nyuma. Kila msuli ukikaribia kichwa cha mfupa hugeuka kuwa kano, ule utepe mweupe mgumu anaoufahamu kila aliyewahi kugombana na bakuli la makongoro. Kano hizo nne hukikumbatia kichwa cha mfupa kama vidole vilivyoshika parachichi. Msuli mkubwa wa nje, unaolipa bega umbo lake, ndio wenye nguvu ya kuinua mkono, lakini ukivuta peke yake, pasipo vile vidole kukishikilia kichwa katikati ya kisahani, kichwa hupanda na kugonga paa la bega. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu mwenye mabega ya kubeba magunia akishindwa kutundika kofia msumarini.

Inayochanika zaidi ni ile ya juu, ambayo madaktari huiita supraspinatasi. Inapita penye nafasi nyembamba chini ya paa la mfupa, damu inayofika mwisho wake ni haba, na miaka inavyokwenda inalika kama mkanda wa mashine ya kusaga. Hivyo wako wanaochanika kwa ajali, na wako, hasa waliovuka miaka 60, ambao kano ilichakaa kimyakimya hadi siku waliyonyanyua ndoo ya maji. Wako hata wenye tundu kwenye kano na hawaumwi popote. Si kila mchaniko unahitaji kisu. Mingi hutulia kwa mazoezi peke yake, ila hapa nawazungumzia waliokwisha kushonwa.

Baba mdogo ni wa ajali. Alikuwa juu ya lori la mbao Mafinga, mwezi Machi, mvua imenyesha, ubao ukateleza chini ya buti lake. Alidondokea mkono wa kulia alioutanguliza. Picha ya eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika, na kwa kuwa eksirei haionyeshi kano, aliambiwa hana kitu. Miezi minne ikapita akichuliwa na kukandwa na kila aliyejua kuchua na kukanda. Hapo ndipo pana hasara ambayo wengi hawaijui. Kano iliyong'oka ikiachwa muda mrefu, msuli wake husinyaa na mahali pake hujaa mafuta, na hali hiyo kwa kawaida hairudi nyuma hata kano ikishonwa vizuri. Mtu mzima aliyeanguka, eksirei yake ni safi, lakini wiki kadhaa baadaye bado hawezi kuinua mkono mwenyewe, anahitaji ultrasaundi ya bega au MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, na aombe rufaa mapema.

Gundi na klampu

Nilijaribu kumweleza kilichofanyika chumba cha upasuaji, nikashindwa, mpaka nilipokumbuka kwamba ninazungumza na mtu wa mbao.

Daktari huingia kwa matundu madogo yenye kamera, au hupasua mahali padogo. Huivuta kano hadi ilipong'okea, huukwangua mfupa mpaka utoe damu, kisha huzamisha ndani ya mfupa vijiti vidogo vyenye nyuzi. Vipo vya chuma, vipo vya plastiki ngumu, vipo vinavyoyeyuka mwilini. Nyuzi zile hupitishwa kwenye kano na kukazwa. Mgonjwa huamka akiambiwa upasuaji umekwenda salama, naye huamini kano imeshaungana na mfupa. Ukweli ni kwamba imebanwa tu.

Seremala akiunga mbao mbili hupaka gundi, huzibana kwa klampu, huenda kunywa chai. Klampu haiungi chochote; kazi yake ni kuzuia mbao zisisogee wakati gundi inakauka. Nyuzi za daktari ndizo klampu. Gundi ni kovu, na kovu hulitengeneza mwili wenyewe, kwa mwendo wake. Baba mdogo alilielewa hilo papo hapo. "Na huku kwetu kwenye baridi," akasema, "gundi ya Mafinga unaisubiri mpaka kesho kutwa."

Mwendo wenyewe ni huu. Siku za mwanzo ni za uvimbe na joto: mwili unapeleka damu na chembe za kusafisha jeraha. Uvimbe huo unatisha, lakini ndio mafundi wamefika. Kisha, hadi kama wiki ya sita, mwili unamwaga nyuzinyuzi za kolajeni, ile protini inayojenga kano, nyingi lakini zimelala ovyo kama nyasi zilizotupwa chini kabla ya kuezeka. Jeraha limejaa, ila ni laini. Baada ya hapo, kwa miezi kadhaa na pengine zaidi ya mwaka, zile nyuzinyuzi hujipanga upya kufuata upande zinaovutwa na kukaza. Ukizivuta mapema mno zinaachia. Usipozivuta kabisa hazina sababu ya kujipanga. Hata mwezi wa tatu, kovu bado halijafikia nguvu ya kano ambayo haijawahi kuchanika, na ungio hilo jipya halifanani kabisa na lile la kuzaliwa nalo, ambamo kano ilikuwa inageuka taratibu kuwa gegedu, kitu kigumu kinachopindika kama sikio, na gegedu kuwa mfupa.

Sasa rudi kwenye karatasi tatu. Ya wodini ilikuwa inalinda klampu: msuli ulioshonwa usivute kwa nguvu zake. Ya fiziotherapia ilikuwa inazungumzia mfuko unaokizunguka kiungo, ambao ukiachwa bila kunyooshwa hukakamaa na kujikunja kama ngozi iliyoanikwa juani. Ya kliniki ilizungumzia mzigo, ambao ni suala la miezi.

Katika hili Kiswahili kinatupa msaada mkubwa, kwa sababu kinatofautisha kuinua na kuinuliwa. Wiki za mwanzo mkono uinuliwe, usijiinue. Ukiinuliwa na mkono mwingine, au na mtaalamu, au na kamba iliyopitishwa kwenye kapi, msuli ulioshonwa unalala na kano haivutwi sana, huku mfuko wa kiungo unanyooka. Mkono ni uleule, umefika palepale, lakini ndani ya bega yametokea mambo mawili tofauti. Ugumu ni kwamba mtu aliyefanya kazi maisha yake yote hajui kuinuliwa. Dada wa mazoezi alikuwa akimwambia, "Mzee, niachie mkono, usinisaidie," naye kila mara anamsaidia, basi wanaanza upya.

Wiki sita za slingi

Usiku wa kwanza utakudanganya. Ganzi inayochomwa karibu na shingo wakati wa upasuaji huweza kuufanya mkono uwe kama si wako kwa saa 12 hadi 24, na mtu akadhani upasuaji wenyewe hauumi. Ikiisha, inaisha kwa ghafla. Ameza dawa ulizoandikiwa kabla ganzi haijaondoka yote, na usingoje maumivu yapande ndipo uyafukuze. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au tatizo la figo amweleze daktari mapema, maana baadhi ya dawa hizo hazimfai.

Slingi, kile kitambaa cha kubebea mkono, huvaliwa kwa kawaida wiki nne hadi sita, mchana na usiku, na nyingine huja na kamto kadogo kwapani ambako watu hukatupa kwa sababu kanawakera. Kasitupwe. Kanausogeza mkono mbali kidogo na mbavu, na katika mkao huo kano ya juu inalegea. Vidole, kiganja na kiwiko vitembee tangu siku ya kwanza, visije vikavimba na kukakamaa bure. Ila kama daktari alishughulikia pia kano ya msuli wa mbele wa mkono, ule unaotuna ukikunja mkono, kukunja kiwiko kwa nguvu zako kuna masharti yake. Uliza kabla ya kutoka wodini.

Kulala chali hakuwezekani kwa wiki nyingi. Tulimpangia baba mdogo mito aegemee nusu kuketi, na mwingine mdogo chini ya kiwiko ili mkono usirudi nyuma. Shati la vifungo, kamwe si la kuvaa kwa kichwa. Mkono mgonjwa unaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Kuosha kwapa unainama mbele na kuuacha mkono uning'inie wenyewe.

Kuna mambo ambayo hakuna karatasi iliyoyaandika. Ukishonwa mkono wa kulia, utakula kwa kushoto mbele za watu, na mzee wa kwetu anaona afadhali alale njaa, kijiko kilimwokoa. Ukishonwa wa kushoto, kujisafisha chooni kunakuwa mtihani mkubwa zaidi, na watu huona haya kuuliza mpaka wanaupeleka mkono nyuma ya mgongo, mwendo ambao huivuta kano iliyoshonwa kuliko karibu miendo yote. Panga jambo hilo kabla ya upasuaji. Jifunze kutumia mkono mzima, weka maji mahali pa kufikika, na kama kuna mtu wa kukusaidia, zungumzeni mapema, aibu ikaishie hapo.

Halafu kuna salamu. Ukanda huu watu husalimiana kwa mikono, na si kugusana tu. Mnyakyusa akikuambia "Ugonile" anakushika na kukutikisa; Mhehe na "Kamwene" yake naye hakuachii upesi. Baba mdogo alivutwa mkono mara mbili kanisani katika wiki ya tatu na watu waliompenda kwa dhati. Tangu hapo alivaa slingi juu ya koti badala ya ndani yake, watu waione.

Bodaboda, hapana. Ukiyumba utajishika, na utajishika kwa mkono wowote utakaowahi.

Zoezi la kwanza kabisa alilopewa lilikuwa la kuning'iniza: unainama, mkono mzima umeshika meza, mgonjwa unaning'inia kama ndoo kisimani, kisha unayumbisha kiuno na mkono unafuata. Linaitwa kwa jina la Ernest Amory Codman, daktari wa upasuaji wa Boston huko Marekani, aliyeandika juu ya kushona kano hii mwaka 1911. Zaidi ya miaka 100 baadaye zoezi lipo, na bado watu wanalikosea palepale: wanauzungusha mkono kwa nguvu, duara kubwa, huku kiuno kimesimama. Hapo msuli umeamka. Duara liwe dogo na litoke kiunoni.

Kuhusu kuanza mazoezi siku za mwanzo kabisa au kusubiri wiki kadhaa, madaktari wenyewe hawafanani, na wana sababu. Kuanza mapema huurudisha mwendo wa mkono upesi zaidi, lakini kwa mchaniko mkubwa huenda kukaongeza hatari ya kano kuachia. Mwaka ukiisha, makundi yote mawili huwa karibu sawa. Kwa hiyo usishangae jirani yako wa wodini akipewa ratiba tofauti na yako. Mchaniko wake si wako. Na kama ni lazima kukosea upande mmoja, mimi ningekosea upande wa kuchelewa kidogo: bega lililokakamaa mara nyingi hulegea kwa miezi ya mazoezi, lakini kano iliyoachia hairudi kwa mazoezi.

Debe la mahindi

Wiki ya sita slingi ikavuliwa. Sasa ruhusa ikawa kujiinua, kwa uzito wa mkono wenyewe tu: kutelezesha kiganja juu ya meza kwa kitambaa, kulala chali na kuinua mpini wa fagio kwa mikono yote miwili, kupandisha vidole ukutani kama buibui. Hilo la ukutani lilimfaa sana baba mdogo. Alitoa penseli yake ya useremala nyuma ya sikio na kila jioni akachora kamstari vidole vilipofika, na namba ya wiki pembeni. Ukuta wa sebule yangu ukawa futi kamba.

Maumivu yalikuwa yamekwisha. Analala vizuri, anacheka, anausifia mkono kwa kila mgeni. Na hapa ndipo palipo na fundo la habari yote hii. Maumivu ya baada ya upasuaji hutokana zaidi na uvimbe na jeraha, na hayo hutulia katika wiki chache. Kovu linalokomaa ndani halina sauti. Haliumi likiwa dhaifu wala halitoi taarifa likikaza. Kuanzia kama wiki ya sita hadi ya kumi na mbili mgonjwa anajisikia amepona huku gundi ikiwa mbichi, na mara nyingi kano zinazochanika upya huchanika ndani ya miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Kalenda unayojihesabia kwa kujisikia na kalenda ya kano hazikutani.

Wiki ya nane mke wangu alinunua debe la mahindi, karibu kilo 20. Lilikuwa sakafuni, na jamaa yetu alitaka apite. Nilikuwa chumbani nikasikia debe likitua mezani, kisha kimya, kisha mtu mzima akiita mama yake.

Tulirudi kliniki. Ultrasaundi ikaonyesha kano bado imeshika, ila kulikuwa na uvimbe mpya kuizunguka, na daktari akamrudisha kwenye slingi wiki mbili. Alikuwa na bahati. Hata wanaochanika upya si wote wanaorudi mwanzo kabisa: wengi hubaki na maumivu kidogo kuliko kabla ya upasuaji, na wengine hawajui kwamba imeachia mpaka kipimo kiseme. Wanachopoteza zaidi ni nguvu, na kwa mtu anayekula kwa mabega yake nguvu ndiyo mshahara.

Tangu siku ile tulifuata kipimo cha dada wa mazoezi. Zoezi likiuma kidogo na maumivu yakatulia ndani ya saa moja au mbili, endelea. Yakikuamsha usiku, au ukaamka nayo kesho yake, jana ulizidisha; punguza, usiache. Na kama umesikia mlio begani kisha nguvu zimepotea, kidonda kinatoa usaha, una homa, vidole vimekufa ganzi isiyoisha, au mguu umevimba na pumzi inakata, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Tyubu ya baiskeli

Kuanzia wiki ya kumi na mbili hivi ndipo kuvuta kunaruhusiwa kwa kweli. Wenye nacho hununua mipira ya mazoezi. Sisi tulikata tyubu ya baiskeli kwa fundi wa pale njia panda, tukaifunga kwenye nguzo. Kiwiko kimebana ubavuni na taulo iliyokunjwa katikati, unavuta kwenda nje taratibu, unarudi taratibu zaidi. Kisha unageuka, unavuta kwenda ndani. Kisha unavuta kuelekea tumboni kama anayekokota kamba ya mbuzi, huku makombe yakisogeleana mgongoni. Mizito haitakiwi hapa. Anayevuta tyubu nyepesi mara 15 bila kupandisha bega sikioni anafaidi kuliko anayekaza meno na kitu kizito, kwa sababu akikaza meno kazi yote inafanywa na ule msuli mkubwa wa nje, na vile vidole vinne vinatazama tu.

Kazi hii nzima, ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake, hospitali zetu siku hizi huiita utengemao. Hospitali za rufaa, ya Kanda Mbeya ikiwemo, zina vitengo vya fiziotherapia, lakini anayeishi Makete au Ludewa si sawa na anayeishi Soweto ya Mbeya. Kama uko mbali, usikubali kuondoka na karatasi tupu. Omba uonyeshwe kila zoezi, ulifanye mbele ya mtaalamu, na ndugu atakayekaa na wewe awepo na kuchukua video kwa simu yake. Mahudhurio machache yaliyopangwa vizuri, moja kila hatua inapobadilika, ni bora kuliko safari za kila wiki zinazokuchosha kwenye basi hadi ukaacha.

Wapo watakaotaka kukuchua. Nilisimama mlangoni kama askari mara kadhaa. Kukanda kwa maji ya moto katika siku za mwanzo kunaongeza uvimbe. Chupa ya maji baridi iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 inafaa zaidi, na mwezi Julai huku kwetu huhitaji hata friji. Joto linaweza kuja baadaye, kidonda kikishafunga, kulegeza bega kabla ya mazoezi. Shingo na mgongo wa juu, ambavyo huuma kwa kubeba slingi, vinaweza kuchuliwa kwa upole. Bega lenyewe kuvutwa na kukunjwa na mtu asiyejua lilishonwa wapi, hapana, hata awe bibi yako.

Sigara inachelewesha kupona, kwa sababu nikotini hubana mishipa ya damu na kano tayari ina damu haba. Ugoro nao una nikotini, wazee wasijifiche huko. Mwenye kisukari ana hatari kubwa zaidi ya bega kuganda na ya kidonda kupata maambukizi, kwa hiyo kipimo chake cha sukari ni sehemu ya matibabu ya bega. Chakula ni kile cha kawaida chenye kujenga mwili: maharage, mayai, maziwa, dagaa. Supu ya makongoro ni tamu na ni chakula, lakini tumbo huisaga kama nyama nyingine. Haina njia ya mkato ya kwenda begani.

Na lini kazi? Wa mezani anaweza kurudi baada ya wiki chache akiwa na slingi. Kuendesha gari si kabla slingi haijaachwa na mkono unashika usukani pasipo kusitasita, na kwa wengi huo ni mwezi wa pili au wa tatu. Kusonga ugali wa watu wawili ni jambo moja, sufuria la msibani ni jingine. La pili lisubiri mwezi wa nne au wa tano. Jembe, mara nyingi mwezi wa sita. Gunia la viazi, na hasa lumbesa, ni kati ya miezi sita na kumi na miwili, na wapo ambao daktari atawaambia waachane nalo moja kwa moja. Mweleze daktari wako kazi yako kwa uzito na kimo: ninainua nini, cha kilo ngapi, hadi wapi. "Kazi za kawaida" haimsaidii kukupangia.

Mwezi wa kumi baba mdogo alirudi Mafinga. Hapandi tena juu ya lori. Anasimama chini na futi kamba, anapima mbao na kuzipanga kwa daraja, na vijana wanapakia. Kujikuna katikati ya mgongo bado hawezi. Kwenye ukuta wangu alama za penseli zimepanda kutoka usawa wa kiuno hadi juu ya fremu ya mlango, na kati ya namba 8 na namba 11 hakuna kitu, ni rangi tupu. Kabla ya kuondoka aliweka na alama ya mkono wa kushoto, kwa kulinganisha. Pamebaki vidole vitatu. Dada wa mazoezi alimwambia huenda pakabaki hivyo hivyo. "Si neno," akajibu, "mbao tunapima kwa futi."